Gata ya Midomo Miwili

Nilikuwa natoka Merigi, kwa binti yangu aliyejifungua, na nilishuka barabarani hapa karibu na Chepseon nikiwa na furaha yangu. Mkononi nilikuwa na kuku aliyefungwa miguu, na akilini nilikuwa napanga kazi: upepo umegeuka, mvua kubwa haiko mbali, nikifika nitatafuta ngazi na ufagio nisafishe gata za nyumba, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya paa, kabla mawingu hayajafunguka. Nilifungua lango nikasimama hapo hapo. Gata zangu zilikuwa chini kwenye nyasi. Zilikuwa zimekanyagwa zikalala bapa kama nyoka waliouawa, na juu ya nyumba kulikuwa na kitu cheupe cha plastiki kimezungushwa kwenye paa kama bendeji kwenye kichwa cha mgonjwa.

Mwanangu alitoka mbio kunipokea. Yeye hufanya kazi ya ofisi mjini Kericho, na huja nyumbani na mke wake na watoto shule zikifungwa.

"Mama, karibu! Nilitaka ukute kazi imeisha. Umeona vile inang'aa?"

Nilimpa kuku, nikazunguka nyumba mpaka upande wa ua, ule unaotutenganisha na jirani. Nikaangalia juu, nikaangalia chini, nikarudi.

"Mdomo wa pili uko wapi?"

"Mdomo gani, Mama?"

"Ule unaopita kwa ua."

"Aa, ule tulitoa. Sasa maji yote yanaingia kwa tangi. Hata tone moja halipotei."

Halipotei! Nilimwangalia huyu mtoto niliyemzaa, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nikaona kama naangalia mgeni.

"Kwani yalikuwa yanapotea kwenda wapi?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Mimi si mtu wa mzaha, na watoto wangu wanajua.

Sasa wewe unayesoma, usidhani mimi ni kikongwe anayelilia vyuma vilivyooza. Gata zile zilikuwa zimeoza kweli. Nilikuwa nimeziziba kwa lami, nikaziziba kwa vitambaa, mwisho nikaziziba kwa sabuni, na bado maji yalikuwa yanateremka ukutani mpaka mawe ya msingi yakaanza kutokeza kama meno ya mbwa. Ni mimi mwenyewe niliyemwambia mwanangu azibadilishe. Hasira yangu si ya bati. Hasira yangu ni kwamba paa hili lina wenyewe wawili, na mmoja amefungiwa nje bila kuulizwa. Kaa chini nikueleze lilivyokuja, maana nimechoka kuona watu wanaishi chini ya paa wasilolijua.

Nyumba hii ilikuwa ya nyanya yangu, mama ya baba. Sisi Wakipsigis nyanya tunamwita kogo. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hivyo mimi sikuozwa kwingine. Nilibaki nyumbani kuzaa kwa jina lake, kama desturi yetu inavyoruhusu. Ndiyo maana nimezeekea pale pale nilipolelewa, na ndiyo maana hakuna mtu wa kuniambia mambo ya paa hili.

Nilipokuwa mdogo paa lilikuwa la nyasi. Watu wa siku hizi wakiona nyumba ya nyasi kwenye picha wanasema, ona inavyopendeza. Hawajalala ndani yake. Nyasi mpya zilinuka vizuri, kweli, kama majani ya ng'ombe mchana wa jua, lakini zikizeeka zilikuwa nyumba ya panya na viroboto, na maji yaliyodondoka kutoka kwake yalikuwa mekundu kama chai iliyosahauliwa motoni. Hayo maji hata ndama alikuwa anayanusa akigeuza kichwa. Kwa hivyo maji yetu yalikuwa ya mtoni, na mto uko chini kabisa, mahali ambapo mtu anateremka akiimba na kupanda akihema. Kazi hiyo ilikuwa ya wasichana. Asubuhi kabla ya kwenda shule tulikuwa tumeshateremka. Mwalimu wetu alikuwa na kiboko cha mti wa mkuyu kwa wanaochelewa, na wanaochelewa daima walikuwa wasichana, na hakuwahi hata siku moja kuuliza kwa nini. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mto ndio ulionitoa, mto na yule mwalimu, wakisaidiana.

Tulikuwa tunateremka wawili, mimi na msichana wa ng'ambo ya ua. Tulikuwa rika moja. Kwao na kwetu kuligawanywa na ua wa miti ya miiba na pengo katikati, na kwenye lile pengo ndiko mama zetu walikopeana moto na chumvi, na kuambiana maneno yasiyofaa kusikiwa na watoto. Huyo msichana ndiye jirani yangu mpaka leo. Aliolewa mbali, ndoa ikavunjika, akarudi kwa mama yake akabaki. Tulianza kuteremka mtoni pamoja kabla meno yetu ya maziwa hayajaisha kung'oka.

Halafu baba, aliyekuwa kibarua kwenye shamba kubwa la majani chai, akanunua mabati. Hiyo ilikuwa habari. Hakuna mtu kwenye ridge yetu, mgongo huu wa mlima, aliyekuwa na bati hata la choo. Mabati yalikuja kwa gari la moshi mpaka stesheni ya Kipkelion, na mtu mwenye lori alikuwa ameahidi kuyaleta mpaka mlangoni. Mvua ikanyesha. Barabara ikawa uji. Mwenye lori akaangalia ule mlima akasema yeye ana mke na watoto, hapandi. Na mkubwa wa stesheni akasema mabati yakilala nje hapo yakiibwa, asiulizwe.

Kogo hakulia wala hakulaani. Alijifunga shuka kiunoni akazunguka mji kwa mji, akawaita wanawake wa kokwet, yaani wa ujirani wetu. Aliwaambia maneno machache: "Nina mabati Kipkelion na sina miguu ya kutosha." Wakatoka. Wengine waliacha mahindi motoni. Mama wa msichana wa ng'ambo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kwenye lango letu, na kata ya majani makavu ya mgomba tayari kichwani.

Sisi wasichana wawili tulienda nyuma tukibeba vibuyu vya uji. Niliyaona kwa macho yangu. Mabati ya siku zile hayakuwa kama haya ya leo ambayo upepo ukiyagusa yanapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Yalikuwa mazito. Mwanamke mmoja mbele, mmoja nyuma, mabati yamelala vichwani yakipinda katikati, na kila hatua yanalia: bwam, bwam, bwam. Mlima wote ulikuwa unalia bwam. Ng'ombe walikimbia. Wanaume walisimama kando ya njia wakiegemea fimbo, mmoja akasema kwa sauti, "Leo wanawake wamegeuka kuwa lori." Mama wa ng'ambo akamjibu bila kugeuza shingo, kwa sababu haikuwezekana kugeuza: "Na wewe umegeuka kuwa mti. Toka njiani."

Ilikuwa pale kwenye kona ya mwisho, mahali penye udongo mwekundu unaoteleza, ambapo aliyekuwa nyuma ya mama wa ng'ambo alianguka. Bati la chini likavutwa kurudi nyuma, na huyu mama alikuwa amelishika ukingo. Lilipita kwenye kiganja chake kama kisu kinavyopita kwenye boga. Hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifunga mkono, akasema, "Inueni, giza linakuja." Akaendelea kubeba kwa mkono uliobaki. Binti yake, rafiki yangu, alitembea njia yote iliyobaki akiangalia matone kwenye nyasi.

Kidonda kilipona. Vidole viwili havikupinda tena. Sasa wewe ambaye maziwa yako yanatoka kwenye pakiti, huwezi kujua maana yake. Kwetu mwanamke asiyeweza kukamua ni kama mwalimu aliyepoteza sauti. Kuanzia siku ile ng'ombe wake walikamuliwa na binti yake, na akichuma majani alichuma kwa mkono mmoja, na kazi ya mkono ule mwingine ilikuwa kushikilia kikapu.

Paa likapigwa. Watu wakaja kuangalia, wakagonga ukuta, wakasema nyumba imevaa. Ndipo Kogo akamwita fundi wa gata. Alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, na alikuja na kipande cha reli kwenye gunia. Alikilaza juu ya magogo, akaweka bati tambarare juu yake, akalikunja kwa nyundo ya mti: ko, ko, ko, kutwa nzima, na sisi watoto tumechuchumaa tukimwangalia kama kuku wanaoangalia mtu akipepeta wimbi. Jioni alipokuja kupima mteremko akasema maji yatashuka upande huu, weka pipa hapa.

"Hapana," Kogo akasema. "Yatashuka pande mbili."

"Mama, gata hushuka upande mmoja."

"Ya kwako. Ya kwangu itakuwa juu katikati, ishuke huku kwangu na ishuke kule ng'ambo."

Fundi akaangalia ule ua wa miiba, akaangalia nyumba ya nyasi ya jirani nyuma yake. "Unataka kumwagia watu wengine maji ya paa lako?"

Hapo ndipo Kogo aliposema lile neno ambalo nililikariri nikiwa mtoto na sijalisahau. Alisema: "Pesa ya mwanangu ilifikisha bati stesheni. Kutoka stesheni lilikuja kwa shingo za watu. Na mmoja wao aliacha mkono njiani."

Basi gata ikawekwa mgongo katikati, kama ng'ombe aliyelala. Mdomo mmoja ulimwaga kwenye pipa letu. Mdomo mwingine ulipita juu ya pengo la ua, umeshikiliwa na nguzo za mti zenye panda, ukamwaga kwenye mtungi mkubwa wa mama wa ng'ambo. Kogo hakumwita kumwonyesha. Yule mama naye hakuja kushukuru. Mvua iliponyesha alisogeza mtungi wake chini ya mdomo, kama mtu anayesogeza kiti mahali pake.

Lakini mvua ya kwanza hakuna aliyekinga. Kogo alisema maji ya kwanza ni ya paa kujiosha. Tulikaa mlangoni tukiyaangalia yakipita meusi, na majani ya mikaratusi na mavi ya ndege, yakachimba shimo lake kwenye udongo. Halafu ya pili ikaja, na hiyo ilikuwa safi. Ee, rafiki yangu, yale maji! Sabuni ilitoa povu kama maziwa yanayochemka. Kogo tu ndiye aliyekataa yapikiwe chai. Alisema yana ladha ya kulamba nyundo, na chai yake alitaka ya mto, kwa hivyo mto haukuisha kabisa, lakini ulipungua ukawa kazi ya mtoto badala ya kuwa maisha ya mtoto. Wadogo zangu walienda shule mapema. Wao mwalimu hakuwapata na kiboko chake.

Na kelele za ule ua! Gata ilikuwa inasafishwa kabla ya mvua kubwa, sisi upande wetu, wao upande wao, mimi juu ya ngazi yangu na rafiki yangu juu ya yake, tunatupiana uchafu na matusi madogo. Upepo ukivuma kutoka kwetu, maji yao yakawa mengi, mama yangu aliita, "Leo mnaoga na mbuzi wenu pia!" Siku nyingine upepo ukigeuka, ilitoka sauti ng'ambo: "Huko kwenu mmeweka mkono ndani ya gata au nini?" Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchemsha na mboga ya isagek, yaani mgagani, iliyolala kwenye maziwa, mvua inapiga bati mpaka huwezi kumsikia aliye karibu nawe, na bado ile sauti ya ng'ambo ilikuwa inapenya.

Mwaka mmoja wa ukame, mvua ndogo ilinyesha, na mama yangu akasokota kitambaa akaziba upande wa ng'ambo ili pipa letu lijae. Kogo alitoka nje akasikiliza. Masikio yake yalijua sauti ya midomo yote miwili. Alitoa kile kitambaa akakianika kwenye kamba mahali ambapo kila mpita njia atakiona. Halafu akachota maji ya pipa letu kibuyu kwa kibuyu, akayapeleka ng'ambo mpaka yalipolingana. Mama yangu alisimama mlangoni akiangalia, na kitambaa kilibaki kwenye kamba mpaka kikakauka. Hakuna aliyeziba tena.

Baada ya Kogo kuzikwa, baba alibadilisha gata mara moja tu. Mama wa ng'ambo alikuwa bado hai. Alisimama kwenye pengo mikono kiunoni, vile vidole viwili vimenyooka kama vijiti, akaangalia kazi mwanzo hadi mwisho. Fundi alipewa mgongo wa katikati, akaufuata.

Hayo yote nilikuwa nimemwambia mwanangu. Nilimwambia akiwa mdogo, nikamwambia akiwa kijana. Siku hiyo ya bendeji nyeupe nilimwambia tena, nimesimama kwenye nyasi, na yeye akanisikiliza vile watu wa ofisi wanavyosikiliza, akitikisa kichwa huku akingoja nimalize.

"Mama, nimeelewa. Lakini yule mama siku hizi ana mabati yake. Si aweke gata yake?"

"Aweke kwa pesa gani? Mabati yake ni ya mitumba, yana matundu ya misumari ya nyumba tatu."

"Basi nitamnunulia tangi. Dogo. Nililete likiwa limejaa maji kabisa. Si hiyo ni afadhali?"

Hapo, rafiki yangu, nilikasirika mpaka nikaona nyota mchana. Kwa sababu aliisema kwa moyo mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ukimletea tangi," nikamwambia, "atapaswa kukushukuru. Atakupikia chai. Kila ukipita atasema Mungu akubariki. Unataka mwanamke ambaye mama yake aliacha vidole vyake kwenye paa hili akuambie Mungu akubariki kwa maji yake mwenyewe?"

"Lakini gata imeshawekwa, Mama. Fundi ameenda."

Na pengo la ua alikuwa ameliziba kwa waya. Alisema ni kwa sababu ya usalama. Usalama! Kutoka kwa nani? Kutoka kwa mama wa umri wangu mwenye magoti mabovu?

Ningeweza kusubiri. Mimi najua kusubiri. Lakini asubuhi iliyofuata niliamka kutoa ng'ombe, nikaona mtu anapita chini ya shamba letu la chai, si kwenye njia yake ya kawaida inayopita mbele ya lango langu, bali ile ndefu ya kuzunguka. Alikuwa ameinama. Mgongoni alikuwa na mtungi wa plastiki umefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Alikuwa anatoka mtoni. Na amezunguka ili mimi nisimwone, ili nisione aibu. Mwanamke huyo, katika umri huu, alikuwa anajali aibu yangu huku anabeba maji.

Niliingia ndani nikachukua ufunguo wa kufuli la lile tangi jipya. Nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Mwanangu alikuwa anatafuta maji ya kunyoa.

"Tangi limefungwa," nikasema. "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekunywa maji ya paa hili wala kuoga wala kuosha kikombe, mpaka yashuke pande mbili. Mitungi iko pale. Mto haujahama."

"Mama, acha basi."

"Niache nini? Twende."

Mke wake, ambaye ni msichana mwenye akili kuliko anavyoonekana, hakubishana. Alivaa gambuti akachukua mtungi. Watoto walifurahi wakadhani ni mchezo. Mwanangu alibeba wa lita ishirini na viatu vyake vya Kericho, na wajukuu wangu wakimcheka kila alipoteleza. Kurudi ndiyo ilikuwa hesabu. Kwenye kona ya kwanza vijana waliokuwa wanapeleka majani kwenye kituo cha kununulia wakasimama.

"Bosi, gari imekataa?"

"Wacha maneno," mwanangu akasema akihema.

"Pole, bosi. Kumbe hata nyinyi maji hupotea?"

Walijua. Kwenye ridge hii kila mtu alikuwa ameshaona bomba limekatwa, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu walikuwa wanangoja waone mimi ni mtu wa aina gani.

Na pale juu kidogo, mahali pa kupumzikia penye jiwe, jirani yangu alikuwa amekaa na mtungi wake wa safari ya pili. Alituona tukija, ukoo mzima, kila mmoja na chombo chake mpaka yule mjukuu mdogo na chupa ya soda. Hakuna mahali pa kuzungukia pale. Mwanangu aliweka mzigo wake chini akaenda kwake, akainamisha kichwa kama tunavyowafundisha watoto kusalimia wakubwa.

"Mama, nipe nikubebee."

Jirani yangu alimwangalia viatu, akapanda mpaka uso. "Na wako utabebwa na nani?"

"Nitarudi kuuchukua."

"Wewe beba wako. Mimi wangu nimeuzoea." Akaniangalia mimi nyuma yake. "Na nyinyi, mmepatwa na nini? Tangi limepasuka?"

"Limefungwa," nikasema.

"Nani amelifunga?"

"Mimi."

Akaangalia ile leso yangu na fundo lake. Alitingisha kichwa polepole, akasema kwa Kikipsigis neno ambalo sitaliandika, neno la kumwambia mtu kwamba ni mkaidi kama mama yake. Halafu akainuka, akaweka kamba yake kwenye paji la uso, akatangulia. Sisi tukamfuata nyuma, hakuna aliyempita. Mwanangu alitembea nyuma yake kabisa, na kutoka pale alipokuwa alikuwa anaona vile visigino vilivyopasuka vikitafuta mahali pa kukanyaga. Tulipofika langoni aliweka mtungi chini, hakuingia hata ndani, akatoa simu.

Sikiliza nikwambie, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Fundi, kijana wa Chepseon mwenye heshima zake, alipanda juu akainua zile bendeji katikati, akashusha pande zote mbili, akaunga bomba lipite juu ya ua. Alisema angejua tangu mwanzo angefanya tangu mwanzo, hakuna aliyemwambia. Waya wa kwenye pengo nilikata mimi mwenyewe kwa koleo, na nilifurahi kila ulipokatika.

Mvua ilikuja mchana wa siku hiyo, kutoka upande wa Londiani, ikiwa nyeusi na haina subira. Ya kusafisha paa ilikuwa imeshanyesha nikiwa Merigi, kwa hivyo hii ilikuwa ya kukinga. Nilisimama chini ya ukumbi. Plastiki haina sauti kama bati. Maji yanapita ndani yake kimya kama mwizi. Lakini ng'ambo niliyasikia yakianguka kwenye pipa. Mlango wa jirani ukafunguka. Alitoka na gunia kichwani, akalizunguka lile pipa, akaangalia bomba, akaangalia ukuta wake.

"Wewe!" akaniita kupitia pengoni.

"Nipo."

"Huyu fundi wenu ameacha mdomo mfupi. Maji yananirukia ukuta. Mwambie aongeze kipande."

"Nitamwambia."

"Si kesho. Ukuta wangu ni wa udongo."

"Nimesikia. Leo."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mwanangu alikuwa amesimama karibu yangu na kikombe cha chai mkononi, akiniangalia, akingoja niseme jambo kuhusu yule mama na maneno yake. Nilimwonyesha tu mfuko wake wa simu kwa kidevu, na yeye akaweka kikombe chini akapiga.

Zile shingo zilizopandisha mabati kutoka Kipkelion zote ziko chini ya udongo sasa, na makaburi mengine siku hizi yamepandwa chai juu. Vijana wanaokaa kwenye ridge hii wanajua bati la gauge gani, yaani la unene gani, linafaa na linauzwa duka gani, na likinunuliwa linaletwa na pikipiki hadi mlangoni, hakuna shingo ya mtu inayohitajika, na kwa hivyo hakuna mtu mwenye haki ya kusimama kwenye ua wako mikono kiunoni. Wanaita hiyo maendeleo. Tumebaki wawili tu tulioiona ile safari, na tuliiona kutoka nyuma, tukibeba uji. Tukishaondoka, plastiki itaendelea kumwaga huku na kule, kwa sababu mwanangu sasa hataigusa. Lakini sijui nani atakayetoka nje ya nyumba yake kwenye mvua, amejifunika gunia, kuja kugomba kwamba maji yake hayakuwekwa sawasawa.